Mrejesho: risasi ya kuwindia elki Colorado

Wakuu, niliuliza risasi ipi ya bunduki inafaa kwa elki (kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini) wa Colorado, Marekani, kati ya saizi hizi: .270 Winchester, .30-06 na .300 Winchester Magnum. Ahsanteni sana, nimechukua .30-06.

Sheria ya huko inataka kipenyo kisichopungua inchi .24 na kichwa (sehemu ya risasi inayoruka) kinachotanuka kikigonga, cha greni 85 (kama gramu 5.5) au zaidi. Zote tatu zinapita. Kilichoamua ni teke, yaani bunduki kurudi nyuma ikifyatuliwa: .300 ina kasi zaidi, lakini inaumiza bega, na anayeogopa teke hufumba macho na kukwanyua kifyatulio, mnyama akapigwa tumboni.

Aliyesema nijali kichwa cha risasi kuliko ganda alikuwa sahihi kabisa. Dume ana kilo 300 na ushee, na mfupa wa bega ni mnene. Kichwa chepesi chenye gamba jembamba la nje hupasukia hapo kabla ya kufika mapafuni. Nimechagua Nosler Partition ya greni 180: ina ukuta wa shaba katikati, hivyo sehemu ya mbele hutanuka, ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kupenya.

Inatoka mtutuni kwa futi 2,700 hivi kwa sekunde. Darubini ikisawazishwa ili risasi ipige pale pale unapolenga kwa yadi 200, inapiga kama inchi 2 juu kwa yadi 100, na inashuka inchi 8 au 9 kwa yadi 300. Ukibadili aina ya risasi, hata uzito ukiwa uleule, sawazisha upya. Mbali ya yadi 300 sitafyatua.