Wauza skuta za umeme za wazee na walemavu, mnatuuzia chaja zisizo zake, betri za kuokoteza na ushauri wa kuua betri. Imetosha!

Wakuu, salaam.

Nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Jina la duka naliacha kwanza kwa sababu lalamiko la maandishi linaelekea panapohusika. Lakini mchezo wenyewe lazima watu waujue, maana naona mtindo ni uleule kwa wauzaji wengi.

Mama yangu alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Magongo yanamchosha, na kiti mwendo cha kawaida kinataka mtu wa kusukuma wakati sisi watoto wote tuko kwenye mihangaiko. Tukachangishana, yeye mwenyewe akaongezea kwenye kiinua mgongo chake, tukamnunulia skuta ya umeme ya magurudumu manne, mtumba wa Japani. Ni zile zenye kiti, usukani na kikapu mbele. Tukaisafirisha kutoka Dar hadi Tanga. Mama akaanza kwenda soko la Mgandini mwenyewe, anachagua samaki wake, anabishana bei mwenyewe. Mtu ambaye hajawahi kufungiwa ndani na mwili wake hawezi kuelewa hilo lina maana gani.

Sasa sikilizeni tulichofanyiwa.

Skuta ilikuja na chaja yake ya Kijapani. Plagi yake ina vipini viwili bapa, haiingii kwenye soketi zetu, kwa hiyo muuzaji akatoa adapta ya elfu chache akasema "chomeka tu, hamna shida". Shida ipo! Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Adapta inabadilisha umbo la vipini tu, volti haigusi. Chaja ile lebo yake iliandikwa wazi kabisa 100V, haikuwa na sehemu ya kuchagua volti, na muuzaji anayeleta makontena kutoka Japani hawezi kuniambia hajui hilo. Ikatoa mlio, moshi, harufu ya plastiki, basi. Bahati nzuri mama alikuwa macho na chumba hakikuwa na pazia karibu.

Tukapiga simu dukani. Wakatuuzia chaja nyingine. Tumeuziwa, hatukupewa. Safari hii ya volti 230, plagi ya pini tatu, taa nyekundu na kijani, kila kitu kinapendeza. Na ushauri wakampa mama kwa simu: "Bibi, usichaji kila siku, unaua betri. Subiri iishe kabisa ndiyo uchaji."

Huo ushauri ndio umenipandisha hasira kuliko vyote, kwa sababu mama ni mtu wa kufuata maelekezo. Aliyemwuzia kamwambia, naye akatii.

Mimi riziki yangu ni kufunga sola, betri nazijua kwa mikono yangu. Skuta nyingi za aina hii zina betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo kupata 24, na ni za risasi na asidi, zile zilizozibwa ambazo huongezi maji. Betri ya risasi haitaki kuishiwa. Inapokaa bila chaji, sahani zake zinajenga fuwele ngumu za salfeti, na kadiri inavyokaa hivyo ndivyo fuwele zinavyogoma kuyeyuka tena hata ukichaji wiki nzima. Inachotaka ni kinyume kabisa cha alichoambiwa mama: umetoka, umerudi, chomeka. Hata kama umeenda dukani tu kununua sukari, chomeka. Iache usiku kucha, kwa sababu betri za Ah 35 (Ah ni kipimo cha ukubwa wa akiba ya umeme kwenye betri) zilizoshuka sana kwa chaja ya ampea 5 zinahitaji saa nane na zaidi, na zile saa za mwisho, wakati chaja inajaza polepole, ndizo zinazoipa betri umri. Ukisafiri ukaiacha nyumbani, ijaze kwanza, na mtu aichomeke tena angalau mara moja kwa mwezi.

Habari ya kusubiri iishe ilitoka kwenye simu na redio za zamani zenye betri za nikeli. Kumpelekea mama wa mguu mmoja ushauri wa betri ya aina nyingine kabisa ni uzembe unaoumiza mtu.

Na ukaumiza. Skuta ikamzimikia katikati ya barabara, jua la saa saba mchana, na magurudumu yakajifunga. Haisukumiki! Vijana wa bodaboda, Mungu awabariki, wakambeba mama mzobemzobe wakamweka kwenye bajaji, kisha wakainyanyua skuta nzimanzima kama jeneza. Mama alilia. Si kwa maumivu, kwa aibu ya kuinuliwa mbele ya watu.

Breki ya skuta hizi inashikwa na springi na inaachiwa na umeme, kwa hiyo umeme ukikata, breki inakamata yenyewe. Ni usalama, ili usiporomoke mlimani. Lakini kila skuta ina kijiti cha kuachia, mara nyingi nyuma karibu na mota. Ukikigeuza, inasukumika na mtoto wa darasa la tano. (Usikiguse kwenye mteremko mtu akiwa amekaa juu, maana hapo breki hakuna.) Kuonyesha kijiti hicho ni kazi ya nusu dakika. Hakuna aliyeionyesha, si siku ya kununua wala siku ya kufunga mzigo kwenye basi. Vijana wale wasingelazimika kubeba chochote.

Duka likatuma "fundi wao" wa Tanga. Akafungua, akafunga, akachukua hela, akasema amebadilisha betri. Skuta ikatembea siku chache ikaanza kunyong'onyea tena. Nikapanda basi nikaenda mwenyewe.

Nilipoinua kiti na kutoa kifuniko nilichoka. Betri ya kushoto ni ile ya zamani, Ah 35, ubavu umevimba mpaka inakataa kutoka kwenye nafasi yake. Ya kulia ni ngeni, ya chapa nyingine, Ah 20, ndogo, imekazwa kwa vipande vya boksi la maji ya kunywa ili isicheze. Kwenye nafasi ya fyuzi ameviringisha nyuzi za waya wa shaba. WAYA WA SHABA, wakuu, kwenye betri zinazoweza kumwaga mamia ya ampea kukiwa na shoti, chini ya makalio ya bibi asiyeweza kuruka! Tamino moja, pale waya unapofungwa kwenye betri, ilikuwa legevu, inazunguka kwa vidole, imeota unga mweupe.

Nikazichaji, nikaziacha zipumzike usiku bila kitu chochote, asubuhi nikapima kila moja peke yake. Ngeni ilisoma 12.8. Hiyo ni nzima. Ya zamani ilisoma 10.4. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kama volti 2 na kidogo, kwa hiyo inaposoma 10 na ushee baada ya kuchajiwa, chumba kimoja kimekufa. Hakuna dawa hapo, hakuna maji ya kuongeza, hakuna "kuifufua". Anayekuambia ataifufua anataka nauli yake.

Betri za mfululizo hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, chapa moja, Ah moja, tarehe moja. Chaja inaona jumla tu ya volti, haijui nani amejaa na nani bado, kwa hiyo moja inapikwa huku nyingine ikibaki na njaa. Na kwenye kutembea, ile dhaifu inaisha mapema, nyenzake inaendelea kuisukumia umeme mpaka chanya na hasi zinageuzwa. Yaani kwa kuweka moja mpya, fundi alikuwa anaiua na hiyo mpya. Na tumelipia.

Halafu nikageuza chaja waliyotuuzia nikasoma lebo. Upande wa umeme unaotoka: 29.4V.

Mafundi wenzangu mmeshaelewa. 29.4 kwa kawaida ni chaja ya betri za lithiamu, aina nyingine kabisa, za seli saba, kila seli 4.2. Betri hizi za risasi zilizozibwa zinataka kama 28.8 wakati wa kujaza, nyingi za jeli zinataka chini ya hapo, kisha chaja ishuke hadi 27 na kidogo ya kushikilia tu. Chaja ya lithiamu haina hatua hiyo. Inasubiri mkondo upungue ili ikate. Betri ya risasi iliyochoka, kwenye joto la Tanga, mkondo wake haupungui, unaongezeka kadiri inavyopata moto. Kwa hiyo ilikuwa inakandamiza 29.4 usiku kucha, inachemsha maji ya ndani, na betri iliyozibwa maji yakitoka ndiyo yametoka. Ule uvimbe nilioukuta haukuwa uchakavu. Ulitengenezwa dukani.

Nikampigia muuzaji, nikamsomea namba moja baada ya nyingine. Jibu lake: "Bosi, betri ni kitu cha kuchakaa, haina waranti." Nikamwambia siongelei waranti, naongelea chaja. Akasema, "Mbona wengine wanatumia?" Akakata.

Hao wengine ndio ninaowaandikia. Wengi ni wazee. Wanalala chumba kimoja na hicho kitu kikichaji, mara nyingi mlangoni kwa sababu ndipo skuta inapoweza kugeuka. Usichajie mlangoni kama mlango huo ndio pekee wa kutokea. Betri ya risasi ikizidishiwa chaji inatoa hidrojeni, gesi inayoshika moto kwa cheche, kwa hiyo dirisha liwe wazi na jiko la mkaa au sigara vikae mbali. Chaja iwe juu ya sakafu au tofali, isiwekwe kitandani, isifunikwe kanga. Chomeka ukutani moja kwa moja, achana na eksitensheni yenye friji na pasi. Umeme ukikatika, chomoa, subiri urudi utulie ndiyo uchomeke. Na ukiona betri imevimba, inavuja, au inanuka yai viza, usiijaribu hata mara moja zaidi.

Kuhusu joto sitasema mengi ila hili: umri wa betri hizi hupimwa kwenye nyuzi 25 hivi, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya hapo zinakata umri karibu nusu. Kuegesha skuta juani nje ya bati ni kuichoma hela. Kwa hiyo pia betri "mpya" iliyokaa stoo ya duka lenye joto mwaka mzima bila kuchajiwa si mpya. Dai tarehe ya kutengenezwa, pima volti kabla ya kulipa. Ikiwa chini ya 12.4 irudishe kaunta.

Sasa hivi najua wameanza kuwaambia watu "tukuwekee lithiamu, uachane na matatizo". Lithiamu si mbaya, ni nyepesi na inadumu. Lakini kutoka kwa watu walioshindwa kusoma lebo ya chaja? Pakiti ya lithiamu isiyo na saketi ya kuilinda, inayochajiwa kwa chaja yoyote iliyopo, ikilipuka ndani ya chumba cha mzee humalizi hata kumwita jirani. Kila aina ya betri ina chaja yake, na mwenye kukuuzia moja bila nyingine usimpe hela.

Hata betri zilizokufa yule fundi alitaka kuzibeba "akauze kwa wa chuma chakavu". Nilimkatalia. Risasi ikipasuliwa na kuyeyushwa uani inaingia kwenye damu za watoto. Owino Uhuru, Mombasa, si mbali na Tanga, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu sumu, mpaka mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Anayeuza betri ndiye apokee mbovu na kuzipeleka kwa wenye kibali.

Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 20 inataka mtu apate kifaa cha kumtembeza na afundishwe kukitumia. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa nayo inataka kitu kinachouzwa kifae kwa kazi iliyonunuliwa. Chaja ya lithiamu kwenye betri ya risasi haifai kwa kazi hiyo, hapo hakuna mjadala.

Ninachodai dukani: gharama ya chaja zote mbili, ya betri zote mbili, na ya yule fundi. Mama nimeshamnunulia pea mpya na chaja sahihi kwa hela yangu, nimefunga fyuzi ya kweli, kijiti cha breki nimekipaka rangi nyekundu na majirani wote wamefundishwa. Picha za lebo, betri na risiti zinakwenda Tume ya Ushindani wiki hii.

Kama nyumbani kwenu kuna skuta ya namna hii, kabla ya kuchomeka usiku wa leo geuza chaja usome upande wa kuingiza na upande wa kutoa, kisha funua uone ni betri gani. Weka picha hapa, nitakujibu mwenyewe. Na kama ni 29.4 kwenye betri za risasi, chomoa sasa hivi, uniambie ulinunua mkoa gani, tupeleke malalamiko kwa pamoja.