Naomba ushauri: mikanda ya kiti cha rubani, F-5 ya 1/72

Wadau wa modeli, wakubwa shikamooni. Niko Kibokoni naunganisha F-5E, ile jeti ya Kimarekani ambayo jeshi letu la anga nalo linayo, skeli ya 1/72 yani nzima haizidi sentimita 20 hivi, na ndani kwa rubani hamna kitu, kiti kimekaa kama mbuzi ya kukunia nazi, hakina mikanda wala nini. Mikanda nakata kwa karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, upana kama nusu milimita, lakini ukiigusa tu na kibanio yajikunja. Niendelee nayo ama nitumie selotepu ya karatasi nipake rangi?

Paipu za breki nimetoa nyuzi za shaba kwa waya wa iafoni mbovu, ziko poa sana hizo. Shida gundi. Supaglu mvuke wake watia ukungu mweupe kwenye kioo, nami nataka kazi ionekane, sasa ile gundi nyeupe ya watoto wa shule itashika shaba kweli na unyevu huu wa Mombasa?

Na plastiki nyembamba za bapa mwapata wapi huku? Mi nakatakata vikombe vya yoghati tu.