Mama alitetemeka baada ya kuchomwa dawa wodini: yaweza kuwa maji ya kuchanganyia?

Binti wa Kisauni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mamangu amelazwa hospitali moja hapa Mombasa, ana nimonia. Homa ilikuwa imeshashuka na uji alikunywa. Jana jioni akachomwa dawa ya mshipa, haikupita nusu saa akaanza kutetemeka hadi kitanda kikawa chalia. Daktari wa zamu akasema ni ugonjwa wenyewe. Lakini mimi nilikuwa pale tangu adhuhuri. Juu ya toroli kulikuwa na chupa ya salini, yale maji ya chumvi ya kuchanganyia dawa, sindano imedungwa kwenye kizibo na kuachwa humo humo, na kila mgonjwa akichanganyiwa dawa, maji huvutwa pale pale. Feni yavuma juu yake. Je, yaweza kuwa ndiyo sababu? Na nikiuliza, si wataniona najifanya daktari?

Mkaazi wa Changamwe
Pole dada. Huenda ni dawa yenyewe tu, kuna miili huikataa. Muulize daktari kama abadilishiwe.

Nesi Mstaafu, Tudor
Mwanangu, Mungu amponye mama. Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote, na hiyo sindano ya kuachwa kwenye kizibo ndiyo niliyogombana nayo kuliko kitu chochote. Ikishakaa pale, kizibo hakizibi tena. Vumbi la feni na mkono wa kila anayevuta, vyote vina njia. Tia na joto la hapa kwetu: chupa iliyofunguliwa asubuhi, kufika magharibi vilivyoingia vimeshazaana. Na usidanganywe na maji kuwa angavu. Mililita moja yaweza kubeba mamia ya maelfu ya bakteria na jicho lisione kitu. Kwenye dripu ya sukari, Klebsiella na Enterobacter humea vizuri. Kina Pseudomonas humea hata kwenye maji matupu.

Wengi wa bakteria hao wana sumu kwenye ukuta wao, endotoksini. Ikiingia kwenye damu ndipo huja baridi ya ghafla, kutetemeka, homa kupanda na presha kushuka, mara nyingi muda mfupi tu baada ya dawa kuingia. Kwa hivyo andika saa: alichomwa saa ngapi, akaanza kutetemeka saa ngapi. Nimonia nayo hutetemesha, daktari hakusema uongo, ila asiishie hapo kabla ya kuangalia dawa na kanula, yaani kile kimrija kilichowekwa mshipani. Kanula itolewe, iwekwe mpya mkono mwingine. Ichukuliwe damu ya kuotesha maabara, ionekane kama ina bakteria, kabla antibiotiki haijabadilishwa. Na ile chupa isitupwe! Ifungwe kwenye mfuko safi ipelekwe maabara.

Mwaka 2017 huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa surua. Iligunduliwa kwamba bomba moja la sindano lilitumika kuchanganyia chanjo siku zote 4 za kampeni, na chanjo haikuwekwa kwenye baridi. Chanjo hiyo ikishachanganywa, mwisho wake ni muda wa saa 6, kisha hutupwa. Watoto wa watu, kwa bomba la bei ya peremende.

Kuhusu kuuliza: uliza. Mwite sista mkuu kando, usimfokee yule wa zamu mbele ya wagonjwa, maana pengine yuko peke yake na wodi nzima na hakuletewa vifaa. Sema, "Sista, naomba dawa ya mama ichanganywe na kichupa chake mwenyewe." Vile vya mililita 10, cha mtu mmoja, mara moja. Wakisema vimekwisha, nunua kemisti, upeleke havijafunguliwa.

Mfamasia wa Nyali
Bibi amesema kweli tupu. Mimi naongeza namba ya bachi, yaani ya fungu lililotengenezwa pamoja kiwandani, kwa sababu mara chache kosa hutoka kiwandani. Devonport, Uingereza, mwaka 1972, wagonjwa walitiwa dripu ya deksitrosi, yaani ya sukari, ambayo chupa zake kiwandani zilipikwa kuua vijidudu kwenye mtambo wa mvuke uliobakiwa na hewa upande wa chini. Za juu zikaiva, za chini hazikupata joto, na zote zikatoka na lebo moja. Wagonjwa walikufa. Piga picha lebo: jina, kiwanda, bachi, tarehe. PPB, yaani Bodi ya Dawa na Sumu, hupokea ripoti hata za raia wa kawaida.

Binti wa Kisauni
Shukrani sana, bibi. Nimezungumza na sista mkuu asubuhi hii, amenisikiliza vizuri. Kanula imebadilishwa, damu imechukuliwa. Ile chupa nimekuta imeshatupwa. Lakini bado wagonjwa wengine wanachanganyiwa kwenye nyingine, sindano ndani vile vile.

Nesi Mstaafu, Tudor
Basi rudi kwake leo leo, umwambie habari ya hao wengine. Muulize nani anashughulika na kuzuia maambukizi hapo hospitalini, uonane naye. Na mama apimwe homa na presha kila baada ya saa 4, usiku pia. Akitetemeka tena, au akianza kuchanganyikiwa maneno, mwite daktari saa hiyo hiyo, usingoje raundi.