Tupeane uzoefu: simu za matangazo na za "wewe ndiye mdhamini", mnazimalizaje?

Wakuu, naanza mimi. Jumamosi nakanda unga wa chapati, simu ikaita. Mama alikuwa amelazwa, kwa hiyo hakuna simu ninayoiacha. Nikapokea kwa kidole gumba, unga mpaka kwenye kioo. "Ndugu mteja, bonyeza 1 kupata mlio..." Sauti ya kurekodi! Nikaiporomoshea matusi yote niliyokulia nayo, yenyewe inaendelea tu na ofa yake. Sijanawa mikono, namba nyingine, sauti ileile. Nyie mnafanyaje?

Wa Mbagala: Heri yako, mashine haikudai. Jirani yangu alikopa elfu 40 kwenye aplikesheni, ikasomba majina yote ya kwenye simu yake. Saa 12 asubuhi napigiwa: "Wewe ndiye mdhamini wake, mwambie alipe." Udhamini gani, jamani? Nikifungia namba moja wanakuja na nyingine, nilifika 11. Siku ya nne nikamwambia binti wa watu, "Dada, hata kwangu ana deni la kuku wawili. Mkimpata, nishtueni." Akacheka, akakata. Hawajarudi. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotoa orodha ya aplikesheni 69 zisizo na leseni, nikaikuta na hiyo imo.

Dada wa Moro: Mimi alinipigia "huduma kwa wateja", ananitaja majina matatu kama mwalimu wa zamu. Eti laini inafungwa leo, nifuate maelekezo. Nikamuuliza mbona hapigi kwa 100, namba ya huduma kwa wateja. Kimya. Baadaye akatuma meseji ileile, nikaisukuma 15040, namba ya kuripoti matapeli, pamoja na namba yake. Halafu pigeni *106# mwone laini zilizosajiliwa kwa NIDA zenu. Mimi nilikuta moja siijui, kesho yake nikaenda kuifuta.

Muuza duka: Kufungia namba siwezi, nina uwakala wa pesa za simu hapa, namba ngeni ndiyo riziki. Wa matangazo nampa mwanangu wa miaka minne. Juzi mtu wa bima aliimbiwa a-e-i-o-u mara mbili, akapiga makofi kabisa.

Mleta uzi: 😂 Huyo wa bima apewe soda. Mama karuhusiwa jana, asanteni. Ila hiyo *106# nimepiga sasa hivi: laini nne. Mimi ninazo mbili. Ngoja nivae viatu.