Wakala wa fedha Mbagala: wateja wangu wa mikeka ya kubeti nifanye nao nini?

Dada Wakala

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri. Matusi pia nitapokea, ila yasizidi ushauri.

Nina kibanda cha uwakala wa fedha za simu huku Mbagala, jirani na kijiwe cha bodaboda. Wikiendi ligi za Ulaya zikichezwa, daftari langu linajaa majina yaleyale. Mtu anaweka elfu tatu, anasogea pembeni ya mwavuli, dole gumba linapiga kazi, mara karudi: "Dada, niwekee buku mbili tena." Zamani ilikuwa mikeka tu, yaani kubashiri matokeo ya mechi kadhaa kwa mpigo. Siku hizi wengi wamehamia kwenye kile kindege cha kubeti kwenye simu, kinachopaa na kupotea. Mkeka angalau unasubiri dakika 90. Kindege hakikupi hata muda wa kujuta.

Kuna kijana mmoja ananiumiza kichwa. Pikipiki yake ni ya mkataba, jioni lazima apeleke hesabu, elfu kumi. Juzi kaja nayo yote nimwekee. Akaangalia salio, akaniwakia: "Dada, mbona pungufu?" Hakuna aliyemwibia. Alishachukua mkopo wa simu akacheza, hela ilipoingia tu mkopo ukajikata. Kilichobaki nacho akakichezea palepale ili kirudishe kilichokatwa. Usiku mkewe akaja, mtoto mgongoni, anauliza mumewe alipita kuweka au kutoa. Siri ya mteja sitoi. Nikasema alipita, basi.

Sasa nauliza: naweza kumkatalia mtu mzima hela yake? Na duka la pili wameweka dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu za mia mbili, mchana limezungukwa na kaptula za bluu za shule ya msingi. Hilo linapelekwa kwa nani? Msidhani nawachukia, maana kamisheni yangu inatoka humohumo.

Mtoto wa Tandika

Acha roho mbaya dada. Baa mbona hamzifungi? Kodi wanatukata kwenye ushindi kabla hatujaushika. 2017 Simba na Yanga zote zilivaa kifuani kampuni moja ya kubeti, watu wakashangilia. Mimi nimeshakula laki nne kwa jero. Waacheni vijana watafute.

Mwalimu wa Hesabu

Mkuu wa laki nne, hongera, ila tupige hesabu kidogo. Chukua mechi ambayo pande mbili zina nafasi sawa, tuseme magoli kuzidi 2.5 au kutozidi. Kwa haki odi, yaani namba wanayozidisha hela yako ukishinda, ingekuwa 2.00, wao wanakupa 1.90. Maana yake kila shilingi 100 kwa wastani inarudi 95. Unaona ndogo, eti? Panga mechi kumi za hivyo kwenye mkeka mmoja. Buku yako ikishinda inalipa kama 613,000, na roho inadunda. Lakini nafasi ya kupatia zote kumi ni moja kati ya 1,024. Ile tano wameichukua kwenye kila mechi, mara kumi, kwa hiyo kwenye kila 100 inarudi kama 60, na kodi bado. Umeshajiuliza kwa nini wanakuongezea bonasi ukizidisha timu?

Baba Zai

Dubwi: umri wa kucheza ni kuanzia miaka 18, na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 imeweka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kuwa msimamizi. Mashine lazima iwe na leseni ya Bodi. Anzia kwa mtendaji wa mtaa akuandikie barua, lakini usiishie kwake, leseni siyo yake.

Nesi wa Zamu

Huyo kijana usimkatalie, ataenda kwa wakala wa pili na utakuwa umempoteza mtu anayekusikiliza. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, fungu moja na pombe na dawa za kulevya. Apelekwe kliniki ya afya ya akili, Muhimbili ipo, na aseme wazi kwamba ni kubeti. Akisema tu "sipati usingizi" atapewa cha usingizi. Mke naye asimlipie madeni kimyakimya. Bora wakubaliane hesabu ya pikipiki ipitie mkononi kwa mke.

Dada Wakala

Asanteni. Mtoto wa Tandika, kwenye baa mhudumu anamwona mlevi akiyumba. Huyu anakopa, anacheza, analiwa, anakopa tena bila kushuka kwenye pikipiki. Sitaki kubeti kufutwe. Ninachokitaka hela ya mkopo isiingie kwenye kubeti, basi. Mbona mkopo unajua kujikata wenyewe?

Mhasibu Kariakoo

Uingereza walifanya kitu cha namna hiyo: tangu Aprili 2020 huwezi kubeti kwa kadi ya mkopo. Kwetu ugumu ni kwamba mkopo ukishaingia kwenye salio unachanganyika na hela yako, huwezi kuutenga. Mimi ningesema akikopa leo, malipo ya kubeti kutoka laini hiyo yafungwe saa 24. Mtandao unajua nani kakopa, kama dada alivyosema. Hata hivyo, hilo halitawagusa wanaokopa kwenye zile programu za vichochoroni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja 69 zisizo na leseni, na zinazochipuka upya sidhani kama kuna anayezihesabu.

Mtoto wa Tandika

Saa 24 si nitatumia laini ya shemeji?

Mhasibu Kariakoo

Utatumia. Ila itabidi kwanza umweleze shemeji unaitakia nini.

Dada Wakala

Hahaa. Basi Jumapili kuna mkutano wa mtaa, la dubwi nalipeleka. Mkewe nitamwelekeza kwa Nesi alivyosema, bila kugusa miamala ya mtu. Niende na picha?

Baba Zai

Nenda nayo. Piga mashine, na leseni kama imebandikwa ukutani. Sura za watoto usizipige, na usiingie dukani peke yako.