Mjadala: Useja wa mapadri ubaki sharti, au uwe hiari?

Mwanabukoba
Wakuu, heshima kwenu. Jumapili baada ya misa tulibaki nje ya kanisa wanaume kama saba, tukabishana mpaka jua likatufukuza. Kwa nini Kanisa letu la Roma linashikilia kwamba padri asioe, wakati Petro mwenyewe alikuwa na mama mkwe (Mathayo 8:14), na Timotheo anaambiwa askofu awe mume wa mke mmoja? Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, nimetumikia altareni tangu nikiwa mdogo, na watawa nawaheshimu sana. Sisemi masista na mabruda waolewe na kuoa. Wao waliutafuta huo huo useja, wakauwekea nadhiri. Nazungumzia padri wa jimbo: yuko peke yake kwenye nyumba ya parokia, vigango (makanisa madogo ya vijijini) kumi na viwili, anarudi usiku na pikipiki yake na hakuna wa kumuuliza umeshindaje. Yeye alichokitafuta ni upadri. Useja ameukuta mlangoni. Kipawa kinaweza kuwa sharti? Nataka hoja, si matusi.

Mlei wa Peramiho
Hakuna anayeburutwa. Mtu anakaa seminarini miaka minane, tisa, na siku ya ushemasi, daraja la kabla ya upadri, anaulizwa mbele ya wazazi wake na umati wote kama yuko tayari kuishi useja. Anajibu kwa mdomo wake. Kanuni ya 277 ya sheria za Kanisa inauita kipaji maalumu cha Mungu, na Papa Paulo VI alishaandika waraka mzima juu ya jambo hili mwaka 1967. Kuhusu Petro: ni yeye aliyesema "tumeacha vyote tukakufuata". Asiyeuweza aoe, walei tuna kazi nyingi za kufanya.

Mtoto wa Mchungaji
Ameacha vyote? Soma 1 Wakorintho 9:5, Kefa, yaani Petro huyo huyo, alikuwa anasafiri na mkewe. Baba yangu amechunga usharika wa Kilutheri miaka thelathini na moja, ana mke na watoto sita, na sijaona alichopungukiwa mbele za Mungu. Hii sheria ililetwa karne ya kumi na mbili kwa sababu ya mashamba, watoto wa mapadri walikuwa wanarithi mali ya kanisa. Basi. Na tuseme ukweli kama Waafrika: mtu asiyeoa wala kuzaa ni mti mkavu. Hao masista na mapadri wakizeeka nani atawaosha? Nani atawageuza kitandani?

Dada wa Sista
Nilikuwa nasoma tu, sikuwa na nia ya kuandika. Mti mkavu. Ndugu, umelitafakari hilo neno kabla ya kulituma?

Dada yangu wa kwanza kuzaliwa ni sista mwaka wa thelathini na nne sasa. Ni mkunga. Mshahara wote unaingia shirikani, hana hata simu ya maana. Baba yetu alipopigwa na kiharusi, sisi wanne tulio kwenye ndoa tulikutana, tukachangishana, tukatuma pesa, tukarudi kwenye nyumba zetu. Yeye aliomba ruhusa kwa mama mkuu wake, akapewa miezi mitatu. Aliyemgeuza baba kitandani ni yeye. Aliyemsafisha ni yeye. Umeuliza nani atawageuza wazee. Nimekujibu.

Mtoto wa Mchungaji
Dada, sijamsema dada yako, simjui. Nazungumza kwa ujumla. Huyo ni mmoja.

Dada wa Sista
Ukisema "masista" umemsema. Kwetu ni mmoja na ni yeye.

Mlei wa Peramiho
Mtoto wa mchungaji hujafika Isaya 56? Mstari wa tatu: "wala towashi asiseme, Mimi ni mti mkavu." Endelea mpaka wa tano, Bwana anaahidi kuwapa jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Maneno yako hayo hayo, Mungu ameyakataa.

Mtoto wa Mchungaji
Kwa hiyo mapadri ni matowashi sasa?

Mlei wa Peramiho
Mathayo 19:12, wapo waliojifanya matowashi kwa ajili ya ufalme wa mbinguni. Aliyesema ni Yesu, si mimi.

Bint Mrima
Assalaam alaykum. Kwetu utawa wa namna hiyo haupo, na sioni haya kusema hivyo. Watu watatu walikwenda nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) kuuliza ibada yake. Mmoja akasema atasali usiku kucha, mwingine atafunga daima, wa tatu hataoa kabisa. Mtume akawaambia yeye anafunga na anafungua, anasali na analala, na anaoa. Atakayeipa mgongo sunna yake si katika yeye. Imo katika hadithi za Bukhari. Sahaba Uthman bin Madh'un aliomba ajitenge na wanawake, akakatazwa. Na Suratul Hadid aya ya 27 inasema utawa waliuzua wenyewe.

Lakini kaka yangu wa usharikani, swali lako la nani atakuosha limenichoma hata mimi niliyeolewa. Nimeolewa mara mbili, sikujaaliwa mtoto. Nimeshaambiwa maneno kama yako na mawifi, na kila mara huambiwa kwa huruma, na hapo ndipo yanapouma zaidi. Hapa Tanga nikifa watakuja wanawake wa mtaani waniogeshe na kunikafini, kwa sababu kumwosha maiti ni faradhi ya kifaya: wasipofanya, dhambi ni ya mji mzima. Haijaandikwa popote kwamba lazima nimzae atakayeniosha.

Mlei wa Peramiho
Asante dada. Na wanazuoni wenu wakubwa, Imam Nawawi hakuoa, Ibn Taymiyya hakuoa. Kumbe hata Uislamu una waseja.

Bint Mrima
Usinitie maneno mdomoni, ndugu yangu. Hawakuoa, ndiyo, elimu iliwachukua. Hakuna aliyeweka nadhiri wala aliyewafundisha watu kwamba ndivyo inavyotakiwa. Mtu kutooa ni jambo moja, kujifunga mbele ya Mungu kwamba hutaoa ni jingine. Hata Nabii Yahya aliyesifiwa katika Surat Aal Imran kwa kujizuia hakuwekewa sheria na mtu.

Mwanabukoba
Hapo hapo dada, hiyo ndiyo hoja yangu! Naomba turudi. Ya karne ya kumi na mbili si kweli kwamba ndipo ilipoanzia: mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Elvira huko Hispania, mwanzoni mwa karne ya nne, ulishawataka maaskofu, mapadri na mashemasi wenye wake wajizuie. Mtaguso wa Laterano ya Pili mwaka 1139 ndiyo iliyosema ndoa ya padri ni batili kabisa. Mali ya kanisa ilikuwa sababu mojawapo, si yote. Lakini Wakatoliki wa Mashariki, kama wale wa Ukraine, walio chini ya Papa huyu huyu wana mapadri wenye wake mpaka leo. Na tangu 2009 Papa Benedikto alipowafungulia Waanglikana mlango maalumu, wapo waliokuja na wake zao wakapewa upadri. Sinodi ya Amazonia ya 2019 ikaomba wanaume wenye ndoa wapewe daraja, Papa Fransisko hakuufungua mlango huo. Sasa kwa nini Mwukraine aweze na Mhaya asiweze?

Mlei wa Peramiho
Tuliona aliyejaribu. Milingo, askofu mkuu wa Lusaka mstaafu, alioa New York 2001 kwenye ndoa za halaiki za yule Mkorea Moon mwenye dhehebu lake, mwaka 2006 akawawekea mikono wanaume wanne wenye wake wawe maaskofu, akatengwa na Kanisa. Ndiko unakotupeleka?

Mwanabukoba
Nimemtaja Milingo mimi?

Mzee wa Wamba
Wapendwa, nawasalimu kutoka Kongo. Mnabishana juu ya mti mkavu, nami nimetoka Wamba, kwa Anuarite. Alikuwa sista wa shirika la Jamaa Takatifu, bado msichana. Tarehe 1 Desemba 1964 kule Isiro, kanali wa waasi wa Simba alimtaka kwa nguvu, akakataa, akauawa. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo II alikuja Kinshasa akamtangaza Mwenye Heri. Hakuacha mtoto hata mmoja. Leo ukiita "Anuarite!" sokoni kwetu watageuka wasichana wangapi? Useja wake alikuwa ameuchagua kabla ya bunduki kufika. Mimi naamini ndiyo maana alikuwa na cha kulinda.

Mtoto wa Mchungaji
Mzee, shikamoo. Namheshimu huyo binti kwa moyo wote. Lakini mke wa mtu naye angekataa. Huo ni ushahidi wa imani, sioni unavyothibitisha kwamba padri asioe.

Mzee wa Wamba
Marahaba. Sikusema unathibitisha. Nimejibu la mti.

Mkazi wa Ngara
Nimefanya kazi ya umeme kwenye nyumba za Wahindi hapa Nairobi miaka mingi, niwape nilichokiona. Masadhu, yaani watawa wa Kihindu, wa dhehebu la Swaminarayan, wale wa hekalu kubwa lililofunguliwa 1999, hawamgusi mwanamke wala hawazungumzi naye. Hawatembei mmoja mmoja, hawashiki pesa. Wajaini nao, dini nyingine ya Kihindi, ambao hapa ni jumuiya ya Oshwal, watawa wao hawapandi gari wala ndege, hutembea kwa miguu, kwa hiyo Afrika hawafiki. Mwaka 1980 kiongozi mmoja India, Acharya Tulsi, akaanzisha ngazi ya watawa wanaoruhusiwa kusafiri ndipo waumini wa huku wakaanza kuwaona. Wabudha ni hivyo hivyo, mtawa yuko ndani ya jumuiya. Japani ndiko serikali iliruhusu makasisi wao waoe, mwaka 1872, na leo mahekalu mengi baba humwachia mwana. Ninachotaka kusema: huko kote mseja haachwi peke yake. Anayelala peke yake kilomita arobaini kutoka kwa mwenzake ni padri wenu wa jimbo.

Dada wa Sista
Hawazungumzi na mwanamke? Kwani mwanamke ni uchafu? Dada yangu anazalisha wanawake usiku kucha, anakula mezani na wakwe zangu, anacheza na wanangu, na useja wake upo palepale.

Mkazi wa Ngara
Dada, ni utaratibu wao, sikuutunga. Ukifika hekaluni wanawake wamejaa, wana sehemu yao.

Dada wa Sista
Gandhi naye alijiwekea nadhiri hiyo 1906 Afrika Kusini akiwa na mke ndani. Kasturba alikubali kwa hiari yake au alitangaziwa tu? Wanaume mkitaka utakatifu, wa kuhama kitanda ni mwanamke.

Niliyerudi Nyumbani
Nimesita siku mbili kuandika. Mimi niliondoka seminari kuu miezi michache kabla ya ushemasi. Watu wanadhani ni mwili. Mwili unasumbua, siwezi kudanganya, lakini nilikuwa nimeuzoea. Mimi ni mtoto wa kiume pekee. Babu kabla hajafa aliniita, akanishika mkono, akanitaja jina lake mara tatu. Hakusema kitu kingine. Nikarudi seminari na lile jina masikioni.

Nilipoacha, mama alilia wiki nzima. Nilidhani atafurahi, maana atapata wajukuu. Alikuwa analilia padri wake. Sasa nina watoto watatu, wa kwanza ana jina la babu, na mama bado ananiombea kama mtu aliyepotea njia. Mlei, unaposema "asiyeuweza aoe" unasema kama vile ni kubadilisha basi stendi.

Mlei wa Peramiho
Ndugu, nisamehe. Sikuwa na wewe kichwani.

Bint Mrima
Dada wa sista, nikuulize kwa wema. Huyo dada yako akizeeka, shirika lao lina mahali pa wazee?

Dada wa Sista
Lipo. Wana nyumba ya masista wazee, wadogo ndio wanaowaogesha na kuwalisha. Makaburi yako nyuma ya bustani ya mboga, yamepangwa mstari, kila msalaba una jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa nadhiri na mwaka wa kufa. Nikienda kumsalimia hunipitisha hapo. Anajua atalala karibu na nani.

Mtoto wa Mchungaji
Nimekuelewa, dada, na lile neno naliondoa. Lakini hiyo nyumba ni ya masista. Huyo padri wa mleta mada, mwenye vigango kumi na viwili, ana bustani gani?

Dada wa Sista
Hilo wamwulize askofu.

Niliyerudi Nyumbani
Mwenzangu wa darasa ni padri wa parokia ya namna hiyo. Nampigia kila Jumapili saa mbili usiku. Jumapili hii hakupokea. Asubuhi akaniambia alisinzia mezani na viatu miguuni, chakula kimefunikwa, na aliyemwamsha ni mlinzi.