Beringi ya UCP205 si ya shafti ya inchi moja! Mafundi na wauza beringi Mombasa, mwatuharibia mashine

Jamani, imetosha. Vinu vya posho, mikanda ya mizigo, kila pahali jibu ni moja: "beringi ilikuwa feki, nunua nyingine." Mara nyingi si feki. Ni nambari iliyopuuzwa dukani.

Tarakimu mbili za mwisho za nambari kama UCP205 zizidishe kwa 5, wapata kipenyo cha tundu la shafti. UCP205 ni milimita 25, UCP206 ni 30, UCP208 ni 40. Inchi moja ni 25.4, na beringi yake ni UCP205-16. Nyumba, kile chuma kinachoishika beringi, ni ile ile, matundu ya bolti yako pale pale, basi muuzaji atoa yoyote iliyo karibu na mkono, na fundi apokea bila kusoma.

Beringi ya inchi ikivishwa shafti ya 25, yabaki nafasi ya 0.4. Zile skrubu mbili za kubania zaisukuma shafti upande mmoja, yatoka katikati kwa 0.2, na kila mzunguko yapiga. Fungua uone: unga mwekundu wa kahawia umejaa tunduni, shafti imelika pete nzima. Msituambie ni chumvi ya bahari! Ni chuma kusugua chuma. Kinyume chake ni balaa zaidi: shafti ya inchi yapigwa grainda kwa macho tu mpaka iingie kwenye 25. Vanea, vile vifaa vya kupimia kipenyo, mwazinunulia nini?

Na nyundo. Mkilazimika kugonga, gongeni pete ya ndani kwa bomba linaloienea. Mkigonga nyumba, pigo lapita kwenye gololi na kuacha vishimo njiani mwake. Nyumba yenyewe ni chuma cha kalibu: fremu ikiwa imepinda na bolti ikakazwa kwa nguvu, sikio lapasuka. Beringi hujilinganisha ndani ya nyumba kwa digrii 2 hivi, lakini shafti iliyopinda hainyooshi. Kazeni bolti za kitako kwanza, zungusheni shafti kwa mkono, skrubu za shafti ziwe za mwisho.

Grisi nayo si ya kushindilia mpaka sili, ule mpira wa kuzibia pembeni, ichomoke. Kidogo, mara kwa mara, shafti ikizunguka polepole, mpaka utepe mwembamba uchungulie kwenye sili.

Wenye maduka, kwa nini 205 na 205-16 mwazitia sanduku moja? Nijibuni hapa hapa.